Kutafuta alama za LaTeX bila mtandao: uzoefu wangu

Nasomesha hisabati skuli ya sekondari hapa Wete, Pemba, na karatasi zote za mitihani ninazotunga naziandika kwa LaTeX, mfumo wa kupanga maandishi ambao kila alama ya hisabati unaiandika kwa amri yake. Amri za kila siku kama \frac na \sqrt mkono umeshazizoea. Kazi huja na zile alama za nadra: "si seti ndogo ya", mshale wenye ndoano, pembe yenye tao. Zamani kila moja ilinilazimu niwashe data ya simu nikapekue. Mara bando limekwisha, mara mtandao hauji, na karatasi inasubiriwa kudurufiwa.

Sasa natafuta ndani ya kompyuta yenyewe. Aliyeweka TeX Live kamili, yaani mkusanyo wa programu za LaTeX na viambata vyake, ameshapata kila kinachohitajika. Pakeji (nyongeza ya LaTeX) ya unicode-math ina faili liitwalo unicode-math-table.tex, na humo kila alama ina mstari wake: namba ya Unicode (utaratibu wa kimataifa unaoipa kila herufi na alama namba yake), jina la amri, aina ya alama, kisha maelezo mafupi ya Kiingereza. Fungua terminali, lile dirisha la kuandikia amri za kompyuta, uandike:

grep -i subset $(kpsewhich unicode-math-table.tex)

Amri ya kpsewhich inaonesha faili liko wapi, grep inachuja mistari yenye neno unalolitaka. Majibu yanatoka papo hapo. Na kwa kuwa sekondari hisabati tunaisomesha kwa Kiingereza, maneno ya kutafutia hayatupi tabu: angle, arrow, integral. Wa Windows watumie findstr /i badala ya grep, na mahali faili lilipo wapaandike wenyewe.

Kilichonifanya niipende hasa njia hii ni ile safu ya aina. TeX, programu ya msingi ambayo LaTeX imejengwa juu yake na ambayo Donald Knuth aliitoa mara ya kwanza 1978, hupanga nafasi kati ya alama kwa kuangalia kila moja ni ya namna gani: ya uhusiano, \mathrel, ya kutenda baina ya vitu viwili, \mathbin, au ya kawaida tu, \mathord. Chukua kile kistari cha wima tunapoandika seti ya x zote zilizo kubwa kuliko 3. Ukikibonyeza moja kwa moja kwenye kibodi, kinabanana na x. Ukiandika \mid kinapata nafasi kulia na kushoto, maana orodha inakuonesha kuwa ni \mathrel. Vivyo hivyo \perp na \bot: kwa macho ni umbo moja, lakini \perp ndiyo ya uhusiano, ndiyo ya kuandikia kwamba AB na CD zinakutana kwa pembe mraba. Mtihani wetu mwanafunzi anausoma kwenye kopi iliyotolewa kwenye kopi, wino umefifia. Alama zikibanana, anaweza kukosa swali analolijua. Kwa hiyo nafasi hizo kwangu ni sehemu ya haki ya mtahiniwa, wala si mapambo.

Dosari zipo. Majina ya orodha hii ni ya unicode-math, inayotaka XeLaTeX au LuaLaTeX, miongoni mwa programu zinazogeuza maandishi ya LaTeX kuwa PDF. Ukitumia programu nyingine, pdfLaTeX, pamoja na pakeji ya alama ya amssymb, mengi yatakubali, kama \subsetneq na \measuredangle, ila mengine yatakurejeshea "Undefined control sequence", yaani amri haijulikani. Hapo naandika texdoc symbols-a4, inafunguka orodha kubwa ya Scott Pakin yenye alama zaidi ya 14,000, na inataja kila alama inataka pakeji gani. Nayo imo humo humo kwenye TeX Live, mradi uliiweka pamoja na nyaraka zake.

Tena grep haikusaidii ukiwa unajua umbo tu na jina hulijui. Kwa hilo Detexify bado ni bora, unachora alama kwa mkono nayo inakupa amri, lakini tovuti yake inataka mtandao.

Walimu wenzangu wa Micheweni na Mkoani wanaoogopa kupakua TeX Live nzima kwa bando, chukueni faili la ISO, yaani faili moja lenye TeX Live yote, kwa mwenye nalo. Linazidi GB 5, kwa hiyo flashi iliyofomatiwa FAT32 italikataa, mwisho wake ni GB 4 kwa faili moja. Ifomatini kwanza kwa exFAT, na kabla ya hapo hamisheni vilivyomo, maana kufomati kunafuta kila kitu.