Ngisi wa dukani, kuku au vibua? Uzoefu wangu wa chambo cha kaa

Mwezi wa tatu nilinunua mitego minne ya kukunja, ile ya nailoni yenye midomo miwili, nikadhani kazi imekwisha. Kumbe kilichokuwa kinanisubiri ni chambo. Nakaa Mikindani ya Mombasa, mkono wa bahari wa Tudor uko chini ya nyumba tu, na Jumamosi jioni huteremka kutega kwa kujifurahisha, si biashara. Ninayemtafuta ni kaa wa mikokoni, yule wa rangi ya matope mwenye magando ya kuvunja kidole.

Nilianza na ngisi wa kugandishwa. Kuna duka la vifaa vya uvuvi linalouza pakiti iliyoandikwa kuwa inafaa kwa samaki na kaa, nikalipa shilingi 450. Nikaiweka kwenye beseni iyeyuke. Nusu yake ilikuwa barafu. Waliobaki ni ngisi wembamba kama vidole, washalegea, ukimshika anakuponyoka. Nikatega baada ya magharibi, na ilipofika isha nikainua mtego wa kwanza: mfuko wa chambo mtupu, safi kama uliofuliwa kwa Omo, na ndani yake bunju mmoja kajivimbisha ananitazama. Ngisi ni mlaini mno. Visamaki humdokoa kupitia matundu akaisha kabla kaa hajatoka shimoni. Mtego wa nne ndio uliopata kaa jike mdogo, nikamrudisha majini. Niliporudi dukani kuuliza habari ya ile barafu, kijana wa kaunta akanijibu, "Ndivyo inavyokuja." Basi na mimi sirudi tena.

Baada ya hapo nikageukia kuku, kwa sababu kila mtu humsifu. Nilichukua matumbo kwa muuza kuku, karibu bure, na nikaifuata ile imani kwamba kaa hupenda kilichooza. Ndoo nikaiacha juani siku mbili. Jirani yangu wa upande wa pili bado hajanisalimia vizuri, na ana haki. Usiku ule nikatega ukingoni mwa mikoko, nikaacha mpaka asubuhi. Alfajiri maji yalikuwa yamekupwa, mtego mmoja umeburutwa hadi juu ya mizizi, wavu umechanika, na kwenye matope kuna mfereji mrefu wa mkia. Kenge.

Mzee mmoja anayeshona nyavu pale pwani, sote twamwita Babu, alinitazama nikiuosha ule mtego.

"Wataka kaa au wataka kenge?"

"Kaa, Babu."

"Basi kaa si fisi, mwanangu. Mpe kitu kibichi, ambacho hata wewe ukiwa na njaa waweza kukila."

Nilipofikiri nikaona ana maana. Kaa huyu kule mikokoni hula tondo, chaza na hata kaa wenziwe, yaani nyama mbichi. Mzoga ataugusa, lakini wanaoukimbilia ni wengine.

Kuku sikumtupa moja kwa moja. Shingo zake, zikiwa mbichi na ngozi yake, ni chambo kizuri: hazivurugiki majini na bei ni ndogo. Miguu ya kuku hudumu hata zaidi, utaikuta asubuhi kama ulivyoitia, tatizo ni kwamba haitoi harufu mpaka uichanje kwa kisu. Kwa sasa shingo ndizo akiba yangu siku ambayo samaki hakupatikana.

Samaki sasa. Jirani na stendi ya matatu kuna mama karanga, muuza samaki, ambaye hunipa matamvua na matumbo anayoyatoa akitengeneza samaki wake wa kukaanga. Matumbo huyeyuka haraka, matamvua yana damu nyingi na hushika kidogo. Vichwa hanipi, vina wateja wake. Siku moja aliniuzia tafi wadogo waliopasuka matumbo, na hapo nikajifunza somo la bure: nilikuwa nafunga chambo gizani, mwiba wa mgongoni ukaniingia kwenye kidole gumba. Mwiba wa tafi una sumu. Mkono wote uliwaka moto mpaka nikarudi nyumbani kuutia kwenye maji ya moto, kiasi cha kuvumilika, ndipo maumivu yakapungua. Tafi ni chambo cha maana, ila mkate miba kwa mkasi kabla hujatoka nyumbani, kukiwa na taa.

Nilipotua ni kwa vibua. Kibua ana mafuta. Ukitumbukiza kipande kwenye maji yaliyotulia utaona utando unatanda juu, unang'aa kama petroli iliyomwagika barabarani, na huo ndio unaobebwa na mkondo mpaka kwenye mashimo ya kaa. Humkata mshazari vipande viwili, namnyunyizia chumvi ya mawe, anakaa usiku mmoja kwenye friji (ndani ya debe lenye kifuniko, mke wangu ameweka sharti). Chumvi huikaza nyama, si rahisi tena kwa visamaki kuinyofoa. Nilijaribu kuongeza chumvi mpaka awe kama ng'onda, nikaambulia patupu. Akikauka hivyo hatoi kitu majini.

Kipande nakitia kwenye mfuko wa wavu wa vitunguu, nakifunga katikati kabisa ya mtego, kining'inie. Hili lilinichukua wiki kadhaa kuling'amua. Chambo kikigusa ukuta wa wavu, kaa hukaa zake nje, hupenyeza gando na kula kwa raha, wala haoni haja ya kuingia.

Hata kibua hakusaidii ukikosea maji. Siku za bamvua, mwezi mpevu au mwezi mwandamo, maji ya Mombasa hupanda zaidi ya mita 3 na mkondo wa Tudor huenda kasi; mtego wangu mmoja ulikwenda nao na sikuuona tena. Natega maji yakianza kujaa, usiku, maana kaa hupanda nayo kutafuta chakula. Siku za bamvua nafunga jiwe zito na kubadilisha chambo kila saa moja, kwa kuwa mafuta huisha upesi.

Kwa wanaoniuliza habari za Nyali na Bamburi: sehemu ya bahari ile ni Mbuga ya Taifa ya Bahari ya Mombasa (Marine National Park) tangu 1986, na ndani ya mipaka yake huruhusiwi kuvua chochote. Kaeni na mikono ya bahari.

Mara ya mwisho niliweka vibua kwenye mitego miwili na shingo za kuku kwenye miwili. Vibua vikanipa kaa watatu, shingo mmoja. Majike wenye mayai narudisha daima.

Mama karanga sasa ndiye anayeniwekea vibua vilivyopondeka, kilo moja kwenye mfuko mweusi. Juzi nilipotoa pesa akaurudisha mkono wangu. Ataka kaa, dume, na magando yote mawili yawepo.