CS50x nikiwa bado advance: nilivyoiona mimi

Nimemaliza CS50x juzi juzi tu na wadogo zangu kadhaa waliomaliza Form Four, wako nyumbani wanasubiri matokeo, wananiuliza kama mtu ambaye hajafika chuo anaiweza. Anaiweza, na namshauri aisome, ila asiingie akidhani ni ya kuangalia video tu halafu basi.

Ni kozi ya utangulizi ya kompyuta ya chuo cha Harvard, anafundisha David Malan, unaisoma mtandaoni bure. Huhitaji kujua chochote kabla. Wiki ya 0 unatumia Scratch, unavuta vibloku vya rangi unavipanga, mdogo wangu wa darasa la sita alikaa pembeni tukatengeneza gemu pamoja. Wiki ya 1 inaingia C, lugha ya kuandikia programu, na hapo ndo wengi wanakimbia.

Mimi nilikuwa PCM (Fizikia, Kemia na Hesabu), nikadhani hesabu zitanibeba. Moja ya kazi za mwanzo ni kuchora ngazi ya lile gemu la Mario kwa alama za reli (#), imeegemea kulia, nikakaa siku mbili nahangaika mstari wa juu uanze na nafasi ngapi, mpaka nikachukua daftari nikaandika kwa mkono mstari wa kwanza nafasi ngapi reli ngapi, wa pili hivyo hivyo, nikaona kumbe ukijumlisha ni namba ileile kila mstari. Baada ya hapo kodi, yaani maelekezo ya programu, ilikuwa mistari michache tu. Ukimaliza unaendesha check50, programu yao ya kusahihisha, inakupima papo hapo, kila jaribio linarudi na kauso, kijani kanacheka, chekundu kamenuna.

Wiki ya 4 ndo yenyewe. Memori na pointa, yaani anwani za mahali data ilipo kwenye memori. Kuna kazi inaitwa Recover, unapewa faili la kadi ya kamera ambayo picha zake zimefutwa, unalisoma vipande vya baiti 512, ukikuta kipande kinaanza na zile baiti za JPEG unajua picha mpya imeanzia hapo. Picha zenyewe ni 50. Programu yangu ilikufa sijui mara ngapi, Segmentation fault (yaani imegusa memori isiyoruhusiwa), narekebisha, inakufa tena. Usiku mmoja nikaendesha nikaona 000.jpg imetokea kwenye orodha, nikaibonyeza ikafunguka picha nzima kabisa haina hata doa, nilipiga kelele mpaka bibi akaamka kuuliza kuna nini.

Ndo maana watu wakisema ruka C nenda moja kwa moja Python, lugha nyingine iliyo rahisi zaidi, mimi nakataa. Wiki ya 6 wanakurudisha kwenye Mario ileile kwa Python, inakuwa fupi mno, ila sasa unajua chini yake kunafanyika nini. Na tafadhali msidese. Majibu ya Tideman, kazi ngumu ya wiki ya 3 ya kuhesabu kura, yamejaa mitandaoni na sheria za kozi zinakataza, lakini zaidi ya sheria ni kwamba ukidesa hiyo wiki ya 3 basi wiki ya 5 utashindwa hata kuanza. Ukikwama muulize yule bata wao wa AI, msaidizi wa kuchati naye, anakuelekeza njia bila kukupa jibu.

Upande wa bando, jipange. Lekcha moja ni kama masaa mawili na mimi nilikuwa napakua zile za ubora wa chini kabisa, nyingine nikasoma nouti zao tu, zimeandikwa vizuri na zinafungua hata kwa mtandao mbovu. Shida ni sehemu ya kuandikia kodi, iko mtandaoni, ikikata unasubiri. Kiingereza cha Malan ni cha kasi, washa maandishi ya chini.

Shule yetu ilikuwa bweni, simu marufuku, kwa hiyo nilisoma likizo kwa likizo. Mwaka ukiisha hujamaliza, kazi zako wanazihamishia mwaka unaofuata, hivyo usikimbizane. Nisingeanza Form Six karibu na NECTA, hapo hapana.

Cheti cha bure unapata ukifikisha 70% kila kazi pamoja na mradi wa mwisho, cha kulipia sikuona haja. Mradi wangu ulikuwa daftari la madeni la duka la mama, nimetumia Flask (ya kutengenezea tovuti kwa Python) na SQLite (ya kuhifadhi data). Anaandika jina na kiasi, mtu akilipa anabonyeza linafutika. Sasa hivi ameniomba niongeze sehemu ya namba za simu, nipo kwenye hilo.