Debian 13 kwenye duka la stationeri: uzoefu wangu wa mwanzo

Nina duka la stationeri Morogoro, jirani na chuo. Kazi zetu mnazijua: kuchapa barua, kutoa kopi, kuskani vyeti, kuprinti ripoti za fildi na kubaindi. Kompyuta zangu zinatumia Debian, mfumo endeshi wa bure wa jamii ya Linux, kwa sababu ya flashi za wateja. Mwanafunzi analeta flashi iliyozunguka hosteli nzima, na kwenye Windows ukiichomeka tu unakuta folda zote zimegeuka shotikati. Kwangu kirusi cha aina hiyo ni faili la kawaida lisilo na pa kwenda. Nakifuta, naprinti, mteja analipa, anaondoka.

Debian 13, ambayo wenyewe wanaiita trixie, ilitoka Agosti 9, 2025. Sikuikimbilia. Duka la kuchapa halifanyiwi majaribio wakati wanafunzi wamejipanga foleni na ripoti zao, kwa hiyo nilisubiri chuo kipoe, nikajiunga bando la usiku na kuanza na kompyuta moja ya mezani yenye ramu ya GB 4.

Kupandisha toleo kwenyewe hakuna maajabu. Unafungua orodha ya vyanzo vya programu, pale palipoandikwa bookworm (jina la Debian 12) unaandika trixie, na vyanzo vya pembeni visivyo vya Debian unavizima kwanza. Kisha unaandika amri za apt, ile programu ya kusakinisha na kusasisha programu nyingine: kwanza apt update, halafu apt upgrade --without-new-pkgs, mwisho apt full-upgrade. Msiiruke hiyo ya katikati. Maelezo rasmi ya toleo yanaitaka, maana kuruka moja kwa moja hadi full-upgrade kunaweza kuondoa programu nyingi ambazo ulitaka zibaki. Na mwenye UPS aitumie. Umeme ukikatika katikati ya kazi hii, asubuhi utaitafuta namba ya fundi.

Kilichonifurahisha mapema ni apt yenyewe. Sasa ni toleo la 3.0, na orodha inapangwa kwa safu na rangi: vinavyoingia ni kijani, vinavyoondolewa ni vyekundu. Ukiona jina unalolitegemea liko kwenye nyekundu, unajibu hapana kabla mambo hayajaharibika. Zamani ilibidi ukodoe macho kwenye rundo la majina yaliyobanana.

Baada ya kuwasha upya, mteja wa kwanza hakugundua chochote, na kwa mazingira ya duka hiyo ni sifa kubwa. Natumia Xfce, yaani mazingira ya madirisha na menyu, sasa 4.20, na menyu ziko palepale zilipokuwa. LibreOffice, ya kuandikia barua na ripoti, imefika 25.2, na keneli, kiini cha mfumo, ni 6.12. Mabadiliko ninayoyaona kila siku yako kwenye GIMP 3.0, programu ya kuhariri picha. Sisi tunapiga na kutengeneza picha za pasipoti, na zamani ukishaongeza mwanga na kuendelea na hatua nyingine, mteja akisema "dada, mbona nimekuwa mweupe hivi?" inabidi urudi nyuma hatua kwa hatua. Sasa marekebisho yanabaki juu ya picha, unayafungua na kuyapunguza hata baadaye. Ila skripti yangu ya zamani ya kupanga picha kwenye karatasi moja ilikataa, kwa kuwa GIMP 3 imebadilisha namna skripti zinavyoandikwa. Nilipanga kwa mkono mpaka kijana mmoja wa IT aliponirekebishia.

Sasa niwaambie kuhusu /tmp, folda ambamo programu huweka mafaili ya muda, kwa sababu wenye maduka kama langu ndio watakaokutana nalo. Mama mmoja alileta faili nene la hati za kiwanja na barua za miaka mingi, anataka PDF moja. Tukaskani vizuri tu, halafu ghafla programu ikasema nafasi imejaa. Diski ina mamia ya gigabaiti tupu! Nikafuta takataka, nikawasha upya, tukaanza tena, ikagoma kulekule.

Sababu ni kwamba kuanzia Debian 13, /tmp haikai tena kwenye diski. Inakaa kwenye ramu, na kikomo chake cha kawaida ni nusu ya ramu uliyonayo. Kwangu hiyo ni GB 2. Fanyeni hesabu: ukurasa wa A4 ukiskaniwa kwa rangi kwa dpi 300, kabla haujabanwa, unachukua kama MB 26. Programu yangu huziweka kurasa zote /tmp hadi PDF ikamilike, kwa hiyo ukikaribia ukurasa wa 80 umeshafika ukutani. Mwenye GB 16 hatajua hata kama jambo hili lipo, tena atafaidi kasi. Lakini kompyuta nyingi za mtumba tunazofanyia kazi hazina ramu hiyo.

Dawa ni fupi, na imo kwenye maelezo ya toleo: ukiwa na mamlaka ya root andika systemctl mask tmp.mount, kisha washa upya. /tmp inarudi kwenye diski kama zamani. Hati za mama zikapita zote. Ningependa onyo hilo liwe linajitokeza wakati wa kupandisha, likipima ramu ya mashine, badala ya kukaa kwenye waraka ambao wengi hatuufungui mpaka tukwame.

Printa nayo ilinisumbua kidogo. Draiva niliyokuwa nimeitoa kwenye tovuti ya watengenezaji, ambao sitawataja, ilikuwa imetengenezewa matoleo ya zamani na haikukubali. Nikaiondoa kabisa, nikachomoa waya wa USB na kuuchomeka tena, na mfumo ukaitambua printa bila draiva yoyote ya nje. Rangi zimefifia kidogo kuliko awali, lakini kwa ripoti za fildi nani anajali.

Kuna mashine moja haitavuka: kilaptopu kidogo chenye prosesa ya Atom N270, ambacho tunakitumia kuandikia mauzo. Hiyo ni prosesa ya biti 32, na Debian 13 haitoi tena keneli wala kisakinishi kwa mashine za namna hiyo. Ushauri wao kwa wenye mashine hizo ni kutopandisha, na kama prosesa haiwezi biti 64, kuistaafisha. Nimekiacha kwenye Debian 12 na nimekitoa kwenye intaneti, kinaandika hesabu tu. Inauma, maana hakina ubovu wowote, ila siwezi kuwalaumu watu wanaojitolea kwa kuacha kubeba vifaa vya mwaka 2008.

Kwa jumla naipa nyota 4 kati ya 5. Mwenye ramu ya GB 8 kwenda juu apandishe bila wasiwasi. Mwenye GB 4 na kazi ya kuskani aandike ile amri ya tmp.mount siku hiyohiyo, kabla hajafungua duka. Kompyuta ya pili, ile ya kaunta, nitaipandisha chuo kikifungwa.