Siku tatu za kuusoma mgogoro: tathmini ya mafunzo niliyohudhuria Lamu

Mwezi uliopita nilihudhuria mafunzo ya siku tatu ya uchambuzi wa migogoro yaliyofanyika katika ukumbi mmoja wa Langoni, hapa Lamu mjini, kwa ada ya shilingi 4,500 pamoja na chai na chakula cha mchana. Mimi ni katibu wa kamati ya diko letu, yaani mahali wavuvi wanapoteremshia samaki. Kwa zaidi ya mwaka mmoja wavuvi wa malema (mitego ya kusukwa) na wavuvi wa juya (wavu mkubwa wa kukokota) wamekuwa hawasalimiani, na vikao vinne ambavyo niliviandikia kumbukumbu kwa mkono wangu vilivunjika kabla ya kufikia dua ya kufunga. Ndiyo maana nilikwenda, na ndiyo maana nawaandikia wanakamati wenzangu, wazee wa mitaa na akina mama wa vikundi wanaojiuliza kama ada hiyo ina haki yake. Ninaona inayo, ingawa thamani yake kubwa imo katika siku ya pili, na lipo pengo ambalo waandaaji hawana budi kuliziba.

Siku ya kwanza ilikuwa ya misingi. Tulichora mti wa mgogoro, shina likiwa ni tatizo lenyewe, mizizi ikiwa ni sababu na matawi yakiwa ni madhara, kisha tukafundishwa pembetatu ya Johan Galtung, msomi wa Norway aliyefariki mwaka 2024, ambayo pembe zake ni mitazamo, matendo na ukinzani, yaani malengo ambayo hayawezi kutimia yote kwa pamoja. Kinachoonekana kwa macho ni matendo peke yake. Hapo nilizikumbuka kumbukumbu zangu za vikao: kamba za malema zilizokatwa, faini, karipio, tena faini. Kamati yetu ilishughulikia pembe moja tu mwaka mzima, na mimi nikaiandika kwa hati nzuri.

Siku ya pili ndiyo iliyolipa ada. Kutoka diko letu tulikuwa watu saba, watatu wa kila upande pamoja nami, na mkufunzi aliwapa kila kundi karatasi ndefu ya kaki na kalamu nene, akawaambia waandike matukio ya mgogoro kwa mpangilio wa wakati, bila kuonyeshana. Watu wa malema walianzia usiku mmoja wa mwezi wa Shaabani, malema yao sita yalipokokotwa na kuvunjwa. Watu wa juya walianzia mwaka 2001, serikali ilipopiga marufuku uvuvi wa juya. Karatasi mbili za mgogoro mmoja zilitundikwa ukutani, na tukio lililoonekana katika zote mbili lilikuwa moja tu, kile kikao chetu cha mwisho kilichovunjika.

Mzee mmoja wa juya alisimama akasema, "Bwana mwalimu, hawa wanangu wanahesabu malema sita. Sisi tunahesabu miaka." Mkufunzi hakumjibu. Aliwataka wale wa malema waisome karatasi ya wenzao kwa utulivu, na waulize maswali ya kuelewa tu, si ya kushindana. Kijana mmoja akauliza kwa adabu, "Mzee wangu, mwaka huo wa 2001 wewe ulikuwa na nini?" Mzee akajibu kwamba alikuwa na watoto wanne na juya ambalo hajamaliza kulilipa. Ukumbi ulinyamaza. Katika vikao vyangu vinne hakuna aliyewahi kumuuliza swali hilo, nami nikiwa miongoni mwao.

Mchoro wa kitunguu, ambao una ganda la misimamo, ganda la maslahi na kiini cha mahitaji, ulifuata mara baada ya hapo, na mfano uliotumika ulikuwa wa bandari yetu wenyewe. Mwaka 2018 Mahakama Kuu iliamuru wavuvi wapatao 4,600 wa Lamu walipwe fidia ya shilingi bilioni 1.76 kwa sababu ya ujenzi wa bandari. Wengi tunaikumbuka hesabu hiyo. Mkufunzi alitukumbusha kwamba mahakama haikuishia kwenye hasara ya samaki, bali ilisema pia kwamba haki ya wananchi kupata habari na haki zao za kitamaduni zilikiukwa. Fedha zililenga ganda la maslahi. Kwa ndani lilikuwepo hitaji la kuulizwa kabla bahari haijachimbwa, na mtu anayechambua mgogoro kwa kuangalia fidia peke yake hatalifikia.

Siku ya tatu tulichora ramani ya wahusika, na hapa ndipo nilipoliona pengo. Mduara wa kila mhusika hutakiwa kuwa mkubwa au mdogo kulingana na nguvu aliyonayo, lakini mkufunzi, kwa kukimbizana na saa, alituacha tuchore miduara iliyolingana. Katika ramani yetu tajiri anayewakopesha wavuvi juya na kununua samaki wao kwa bei aliyoipanga yeye alionekana sawa na mama karanga anayesubiri samaki wa kukaanga pale diko. Hawalingani hata kidogo. Mvuvi mwenye deni la tajiri hawezi kuliacha juya hata akitaka, na mama karanga, ambaye hununua kwa pande zote mbili na huijua siri ya kila chombo, hajawahi kukaribishwa kwenye mkeka wetu. Suala la nguvu lilipewa chini ya saa moja kabla ya chakula cha mchana, na kisha tukahimizwa "kukutana katikati", kana kwamba pande zote zimesimama mahali pamoja.

Vilevile halikusemwa waziwazi jambo ambalo kamati zinahitaji kulisikia: Ibara ya 159 ya Katiba ya mwaka 2010 inahimiza upatanishi na njia za jadi, lakini kamati haina uwezo wa kukubaliana kuruhusu chombo ambacho sheria imekikataza. Uchambuzi unaeleza kwa nini mtu analishikilia juya. Haulihalalishi juya. Isitoshe, vijitabu tulivyogawiwa vilikuwa vya Kiingereza, na wazee wawili waliviweka chini ya kiti bila kuvifungua.

Baada ya kurudi nilizitundika zile karatasi mbili kwenye banda la diko, nikamwalika tajiri na akina mama karanga wawili waandike yao. Tajiri alianzia siku aliyotoa mkopo wa kwanza. Maafikiano bado hayajapatikana, ila kikao cha tano kilifika hadi dua. Kwa kamati itakayopeleka watu kwenye awamu ijayo, ushauri wangu ni kwamba msimtume katibu peke yake: lipieni watu wa pande zote mbili, na nafasi moja mpeni mama karanga.