Matairi ya A/T (all-terrain, ya kila ardhi) kwenye RAV4 ya zamani: miezi 14 kati ya Mbale, Bukwo na Amudat

Kati ya Karita na Amudat, kaskazini mashariki mwa Uganda, kuna mahali migunga imeibana barabara pande zote mbili, na ukikutana na lori la ng'ombe unaingia porini utake usitake. Nami niliingia. Niliposikia "tsss" nikajua ni mwiba, nikasema si neno, pancha tumezizoea. Kushuka, nikakuta kisiki kimechana ubavu wa tairi la nyuma kushoto, tundu la kuingiza vidole viwili. Spea yenyewe ilikuwa kipara. Nilifika Amudat kwa kutambaa. Kijana wa pancha akalichukua lile tairi lililochanika, akaukunja ubavu wake kwa mkono mmoja tu, kama anakunja chapati.

"Daktari, hili ni la lami," akaniambia. "Hapa kwetu hiki ni kiatu cha kanisani."

Mimi si daktari. Nauza dawa za mifugo na mbegu, lakini huko chini wote wananiita hivyo na nimechoka kubisha. Kijana akalishona tairi kwa uzi mnene, akabandika gaita, kile kiraka kinene cha mpira, kwa ndani, akatia tyubu, nami nikarudi Mbale kwa kilomita 40 kwa saa. Njia nzima nilikuwa napiga hesabu ya matairi.

Gari langu ni RAV4 ya mwaka 2003, ile ya spea kuning'inia mlango wa nyuma, injini ya lita 2, na magurudumu yote manne yanavuta wakati wote. Kazi yake haieleweki kwa mtu wa mjini. Wiki hii ni lami tupu hadi Kampala kuchukua mzigo, kupitia Tirinyi, Iganga na Jinja. Wiki ijayo ni Kapchorwa na Bukwo. Siku hizi lami imefika mpaka Suam mpakani, Mungu awabariki, ila wateja wangu hawaishi kwenye lami. Wanaishi juu, kwenye njia za udongo mwekundu ambao mvua ikinyesha unageuka sabuni. Halafu kuna Amudat: changarawe kali, miiba na makorongo. Tairi la lami haliwezi hayo yote. Tairi la matope, lile lenye meno kama ya mamba, linaweza porini lakini kilomita mia mbili na ushee za kwenda Kampala lingenitoboa masikio. Kwa hiyo nilitaka A/T, la katikati.

Dukani Kampala nilikwenda na mpwa wangu ambaye hana hata leseni. Mimi nauliza, muuzaji anamjibu mpwa wangu. Nikamwachia dakika tano, kisha nikamwambia, "Kaka, mwenye gari na mwenye hela ni huyu huku." Tukaelewana baada ya hapo, ingawa alianza na ushauri mbovu: niache saizi yangu ya 215/70R16 nichukue 235/70R16, "gari inyanyuke kidogo, mama, iwe na heshima."

Hesabu yake ni nyepesi, kila mtu aifanye kabla ya kutoa pesa. Namba ya kwanza ni upana kwa milimita. Ya pili ni urefu wa ubavu kwa asilimia ya upana huo. Ya tatu ni rimu kwa inchi. Tairi langu lina kipenyo cha kama milimita 707. La kwake ni kama 735, yaani limezidi kwa asilimia 4. Na gari halinyanyuki milimita 28 kama unavyodhani, linanyanyuka nusu yake, 14, unene wa kidole. Kwa kidole hicho unalipa tairi zito zaidi, spidomita inayokudanganya (inasoma 80, wewe uko 83), na ukikata usukani hadi mwisho huku umebeba mzigo, linaweza kusugua plastiki za ndani. Injini ya lita 2 inayopanda Sipi na katoni za dawa za kuogeshea haihitaji mzigo mwingine. Nikabaki na saizi yangu.

Jambo la pili ni zile herufi LT zinazotangulia namba. Hayo ni matairi ya malori mepesi na pikapu. BFGoodrich KO2 kwa saizi yangu linakuja hivyo, na ubavu wake ni mgumu kweli. Ukienda Moroto utaliona chini ya Land Cruiser nyingi. Ningekuwa naishi Amudat ningelichukua bila kufikiri mara mbili. Lakini RAV4 ni gari jepesi. Tairi la LT limeundwa kubeba mzigo mkubwa kwa upepo mwingi. Chini ya gari dogo linaruka badala ya kunywea, na kila kona ya gari inaongezeka kilo ambazo injini lazima izizungushe. Niliendesha gari la jirani lenye matairi hayo kutoka Mbale hadi Kumi na kurudi, mgongo ukanipa jibu.

Nilichochukua ni Yokohama Geolandar A/T G015, lisilo na LT, limeandikwa 100H ubavuni. Hiyo 100 maana yake kila tairi linabeba hadi kilo 800, na H ni mwendo wa hadi kilomita 210 kwa saa, ambao RAV4 yangu haiujui hata katika ndoto. Lina pia alama ya mlima wenye theluji, kwamba limepimwa kwenye theluji. Bukwo theluji hatuna, mvua ya mawe tunayo.

Manne yalinitoka shilingi milioni 2 na laki 2, pamoja na kufunga, balansi na alaimenti. Mpwa wangu alitaka tununue mawili ya nyuma tu, mengine baadaye. Kwa gari linalovuta magurudumu manne wakati wote hilo ni kosa la ghali: matairi ya mbele yaliyoisha ni madogo kuliko mapya ya nyuma, yanazunguka mara nyingi zaidi kwa kila kilomita, na tofauti hiyo inakwenda kusagwa ndani ya mtambo wa katikati unaogawa nguvu. Ukiuua mtambo huo utatamani ungenunua matairi sita.

Kabla ya kulipa nilipiga magoti kusoma tarehe. Ubavuni, mwishoni mwa maandishi yanayoanza na DOT, kuna tarakimu 4: mbili za wiki, mbili za mwaka. 2319 ni wiki ya 23 ya mwaka 2019. Wakati mwingine ziko upande wa ndani, usikubali kuambiwa hazipo. Duka la kwanza nililoingia asubuhi ile lilinipa tairi "jipya kabisa" lenye karatasi yake, kumbe limelala miaka sita. Mpira unazeeka hata bila kukanyaga barabara.

Sasa matumizi.

Huko juu Bukwo ndiko nilikoona pesa yangu. Kuna mteremko mmoja wa kwenda kwa mteja wangu wa viazi, kama mita mia mbili, upande mmoja shamba la mahindi, upande mwingine hewa. Kwa matairi ya zamani mvua ikinyesha niliacha gari juu na mzigo ukashushwa kwa punda. Sasa napunguza upepo hadi psi 24 (psi ndicho kipimo cha upepo kwenye geji za mafundi), naweka gia ya chini, naacha breki kabisa, na nasikia meno yanavyotafuta udongo mgumu chini ya ute. Matope yanarushwa mpaka kwenye vioo, na hiyo ni dalili njema: tairi linajisafisha. Halijawahi kuniachia pale. Punda bado wapo, ila siku hizi wanapumzika.

Ukipunguza upepo, beba pampu ndogo ya kuchomeka kwenye kiberiti cha gari, maana kukimbia lamini na psi 24 ni kulichemsha tairi. Na upepo wa kawaida usiuache kwa fundi. Mafundi wetu wana namba moja tu, 40, iwe Vitz iwe Fuso. Angalia kibandiko kwenye nguzo ya mlango wa dereva. Kama gari limetoka Japani kitakuwa na maandishi yao na namba za kPa, kipimo kingine cha upepo. Gawanya kwa 7 upate psi kwa kukaribia. Ukijaza 40 kwenye gari dogo, linaumia uso wa katikati, na kwenye changarawe linadunda kama mpira wa miguu.

Kwenye njia ya Amudat nimepata pancha mbili tu katika miezi 14, zote za miiba usoni, zikazibwa bila kulivua tairi. Zamani nilikuwa napata mbili kwa mwezi. Ubavu haujachanika, ingawa lile la mbele kulia lina mkwaruzo mrefu wa jiwe ambao naukagua kila ninapojaza mafuta.

Lakini msinunue A/T mkidhani mmenunua trekta. Mwezi wa nne nilishuka Ngenge baada ya mvua, nikaacha barabara nifike kwenye josho. Udongo kule ni mweusi, ule wa mfinyanzi unaopasuka nyufa kiangazi na kugeuka ugali masika. Sikumaliza mita 50. Mifereji ya matairi ilijaa ikawa bapa, nikawa na maandazi manne meusi yanayozunguka mahali pamoja. Kupunguza upepo hakukusaidia. Maksai wanne wa mzee mmoja ndio walionitoa, na yule mzee alicheka mpaka akakaa chini. Udongo ule unataka meno makubwa yenye nafasi pana, au minyororo, au subira ya siku mbili jua liukaushe. Mimi sasa nachagua subira.

Kwenye lami, makelele yapo. Ukifika 80 unaanza kusikia mvumo kama nyuki kwenye mzinga wa mbali. A/T zote zina tabia hiyo, na redio inauzima. Vijiwe navyo hunasa kwenye mifereji na kugonga tik-tik-tik mpaka mpwa wangu ashuke na bisibisi. Mafuta nimehesabu mwenyewe, pampu ile ile, safari ile ile ya Kampala: kutoka kilomita 10 kwa lita nimeshuka hadi 9 na nusu hivi. Breki kwenye lami iliyolowa zinataka nafasi zaidi kuliko tairi la lami, kwa hiyo huwa siwafuati matatu kwa karibu mvua inaponyesha Iganga. Anayezunguka Ntinda na Kololo tu, mitaa ya Kampala, akapanda kijijini Krismasi, abaki na matairi ya lami. Yatamtosha, na yatamwachia chenji.

Nimeshatembea kilomita 27,000. Nayabadilisha mbele na nyuma kila kilomita 8,000, maana ya mbele hula mabega haraka kwenye kona za Kapchorwa. Meno yalianza na kina cha kama milimita 10. Juzi njiti ya kiberiti na rula vilinipa 7. Yakifika 1.6, vile vituta vidogo vilivyomo ndani ya mifereji vitakuwa sawa na uso na biashara itakuwa imekwisha, lakini kwa matope ya Bukwo sitasubiri huko; kwenye 4 nitaanza kutafuta mengine.

Kosa langu ni kwamba sikununua la tano. Spea mlangoni bado ni lile lililoshonwa, na saizi yake ni sawa ila limelika, kwa hiyo nikilifunga ni la kunifikisha kwa fundi tu. Kila nikisimama Amudat, yule kijana hanisalimii kwanza. Anazunguka nyuma ya gari, anapapasa mshono wake kwa kidole gumba, ndipo anauliza, "Daktari, umeamkaje?"