Fizikia ya chembe kwa walimu: uende CERN au uchambue data?

Mwalimu wa sekondari anayetaka kunoa fizikia yake ya chembe anaweza kwenda CERN, maabara ya Ulaya ya fizikia ya chembe iliyo karibu na Geneva, ambako mafunzo ya walimu yanaendeshwa tangu 1998, au kubaki kwake na kuchambua data halisi za migongano ya chembe ambazo CERN imezifungua kwa umma mtandaoni tangu 2014.

Kwa gharama, data zinashinda bila ubishi: kompyuta, intaneti na uvumilivu vinatosha. CERN inadai safari, na nafasi zenyewe zinagombewa.

Kwa kina? Huko unauliza, mwanafizikia anakujibu papo hapo. Unajenga chemba ya mawingu kwa mikono yako: barafu kavu chini, mvuke wa alkoholi juu, kisha vijistari vyeupe vya miuoni, chembe kama elektroni lakini nzito zaidi, vinakatiza. Skrini haikupi hilo.

Mwaka ukipita, mambo hugeuka. Safari hufifia akilini. Data za migongano zipo palepale, na wanafunzi wanaweza kuisaka wenyewe bosoni ya Z, chembe inayobeba nguvu dhaifu ya nyuklia. Asiye na wa kumuuliza shuleni, aombe CERN. Mwenye wenzake na maabara ya kompyuta aanze na data.