Siku tano za mafunzo ya uendeshaji wa mashauri, Tanga: uzoefu wangu nikiwa wakili wa serikali

Nilijiandikisha katika mafunzo haya kwa sababu ya neno moja. Nilikuwa nikimhoji shahidi wa upande wa mdai katika shauri la ardhi, nikamuuliza, "Hukuwepo siku wapimaji walipofika, sivyo?" Akajibu, "Ndiyo." Kwa Mswahili jibu hilo halina utata, kwani shahidi alikuwa amekubaliana na kauli yangu kwamba hakuwepo, nami niliketi nikiwa nimeridhika. Nilipopata nakala ya mwenendo wa shauri, ambao ulikuwa umeandikwa kwa Kiingereza, nikakuta kwamba shahidi alikiri kuwepo, kwa sababu kwa Kiingereza "yes" kwa swali la namna hiyo humaanisha "nilikuwepo". Sikuwa na wa kumlaumu, kwa sababu swali lilikuwa langu na ukanushi uliomo ndani yake niliuweka mwenyewe.

Kwa hiyo tangazo la mafunzo ya vitendo ya kuhoji mashahidi na kuchukua ushahidi wa kabla ya usikilizwaji liliponifikia, nikaomba ruhusa kazini. Tulikuwa washiriki 24, wengi wetu mawakili wa serikali na maofisa sheria wa halmashauri kutoka Muheza, Korogwe, Handeni na Pangani, tukakutana katika ukumbi mmoja upande wa Raskazone kuanzia Jumatatu hadi Ijumaa. Wakufunzi walikuwa watatu: wawili wa hapa nchini, na mmoja wa Marekani aliyefundisha kwa njia ya intaneti. Kuhusu posho sitasema neno.

Ni vyema nieleze kwanza kwa nini mafunzo ya namna hii yanatuhusu zaidi sasa kuliko miaka kumi iliyopita. Tangu marekebisho ya sheria ya mwaka 2020, anayeishtaki halmashauri au shirika la umma hana budi kumuunganisha Mwanasheria Mkuu wa Serikali na kutoa notisi ya siku 90, na shauri lenyewe hufunguliwa Mahakama Kuu. Matokeo yake ni kwamba wakili wa serikali aliyezoea kuandika maoni ya kisheria na kupitia mikataba hujikuta amesimama mbele ya jaji, akiwa na shahidi kizimbani na wakili wa kujitegemea mwenye uzoefu wa miaka ishirini upande wa pili. Chuoni tulisoma Sheria ya Ushahidi kifungu kwa kifungu, lakini hakuna aliyetusimamisha na kutuambia, "Haya, uliza."

Hapa ndipo mafunzo haya yalipofanya kazi yake hasa. Asubuhi kulikuwa na mhadhara usiozidi saa moja, na muda uliobaki kila mshiriki alisimama kwa dakika nane kumhoji shahidi wa kuigiza huku kamera ikimrekodi. Baada ya hapo mkufunzi alitoa kasoro moja tu, si kumi, akaonyesha namna ya kuirekebisha, kisha mhusika akarudia. Nilipoitazama picha yangu siku ya kwanza nilijionea aibu: kila shahidi alipojibu nilisema "sawa, sawa", hata pale jibu lilipoiumiza Serikali. Kumbe nimekuwa nikiyabariki majibu ya upande wa pili kwa muda wote huo bila kujua.

Jalada la mazoezi lilikuwa la kigeni, linalohusu gari lililoteleza kwenye barafu mbele ya jengo la umma. Washiriki kutoka Muheza hawakuvumilia hata siku moja. Kufikia jioni ya Jumatatu barafu ilikuwa imegeuka kuwa maganda ya machungwa, na gari likawa lori la mizigo. Jumanne wakufunzi wa hapa nchini wakakubali tutunge jalada letu, nasi tukachagua nyumba iliyowekwa alama ya X, yaani ya kubomolewa, kando ya barabara kuu. Ni mgogoro ambao kila mmoja wetu amewahi kuugusa. Sheria ya Barabara ya mwaka 2007 ilipanua hifadhi ya barabara kuu kutoka mita 22.5 hadi mita 30 kila upande kutoka katikati ya barabara, na mwenye nyumba iliyomo katika lile eneo lililoongezwa ana hoja ya fidia ambayo aliyejenga ndani ya mpaka wa zamani hana. Shauri zima basi husimamia mambo mawili, umbali na tarehe ya ujenzi, na kwa ajili hiyo lilitufaa sana, maana shahidi hulazimika kusema mita ngapi na mwaka gani.

Kanuni tuliyofundishwa kuhusu maswali ya dodoso, yaani ya kumhoji shahidi wa upande wa pili, ni kwamba kila swali libebe jambo moja tu, liwe elekezi, yaani lenye jibu ndani yake, na lisiombe maelezo. Sheria yetu inaruhusu maswali elekezi katika dodoso na kuyazuia katika mahojiano ya msingi, yaani ya shahidi wako mwenyewe, pale upande wa pili unapopinga, kwa hiyo hapo hapakuwa na jipya. Jambo lililonifungua macho ni uhusiano wa kanuni hiyo na kalamu ya jaji. Mahakamani Marekani kuna mwandishi anayenukuu kila swali na kila jibu neno kwa neno. Kwetu, Amri ya XVIII ya Sheria ya Mwenendo wa Mashauri ya Madai inaelekeza kwamba ushahidi kwa kawaida uandikwe kwa mtindo wa masimulizi, si wa swali na jibu. Maana yake ni kwamba swali langu halitaonekana; litakalobaki kwenye kumbukumbu ni sentensi moja inayoanza na "Mimi", kana kwamba shahidi aliitamka mwenyewe. Nikiuliza swali lenye mambo matatu, jaji atalazimika kuchagua lipi aandike. Nikiuliza jambo moja, sentensi itakayoandikwa nitakuwa nimeitunga mimi. Mkufunzi mmoja alituzoeza kumaliza swali, kuitazama kalamu hadi isimame, ndipo tuulize linalofuata. Zoezi hilo peke yake lilitosha kulipia safari yangu.

Hata hivyo, vitini vyote vilikuwa vya Kiingereza, na mifano yote ya maswali ilikuwa ya Kiingereza, na hii ndiyo dosari kubwa niliyoiona. Tangu mwaka 2021 sheria imetamka kwamba Kiswahili ndiyo lugha ya mahakama, na hata kabla ya hapo mashahidi wetu wa Tanga hawakuwahi kuhojiwa kwa lugha nyingine. Swali elekezi la Kiingereza lina mkia wake mwishoni, nalo likihamishwa lilivyo huzaa "sivyo?" na "siyo?", yaani tatizo lile lile lililonileta ukumbini. Nilipolieleza kisa changu, mjadala ulichukua karibu alasiri nzima ya Jumatano, nao haukuwemo kwenye ratiba. Tulichoafikiana ni kuuliza kwa kauli ya kukubali tu, kuepuka kila kitenzi chenye ukanushi, na kumzoeza shahidi tangu swali la kwanza kujibu "ni kweli" au "si kweli". Badala ya "Hukuwepo Tanga siku hiyo, sivyo?" mtu aseme, "Siku hiyo ulikuwa Pangani. Ni kweli?" Atakayejibu "ni kweli" hawezi kuandikwa vinginevyo.

Mengine yalifuata hapo hapo, mengine kutoka kwa washiriki wenyewe. Mwenzetu mmoja wa Handeni alikumbusha kwamba "alimwambia angeleta hati" haisemi nani angeileta, kwa kuwa nafsi ya tatu yetu ni moja kwa mwanamume na mwanamke, kwa msemaji na msemeshwa. Wakili asipotaja majina, kumbukumbu itabaki na watu wawili wasiotofautishwa. Mwingine akatoa mfano wa "saa tatu" iliyogeuka saa tatu ya kizungu kwenye mwenendo, ikampa mtuhumiwa saa sita za kuwa mahali pengine. Mkufunzi wa Marekani alisikiliza yote hayo kwa hamu, lakini alikuwa mkweli: hakuwa na la kutushauri.

Kuhusu ukali nilitofautiana naye. Alitutaka tumwongoze shahidi kwa sauti kavu, bila salamu wala cheo. Kijana wa miaka thelathini akimwambia mzee wa Chumbageni "Jibu swali!" atakuwa amepoteza ukumbi mzima, na hata shahidi mwenyewe atafunga mdomo kwa kuona amedharauliwa. Nilimhoji mzee wa kuigiza nikimwita "mzee wangu" kwa dakika zote nane, maswali yakiwa mafupi na makali kama yale aliyotaka, naye akakubali kwamba nilipata kila nilichokihitaji.

Jambo jingine la kuangaliwa ni ushauri wa kuuliza machache na kuketi. Ni ushauri mzuri kwa nchi yenye baraza la wananchi wanaoamua kesi, lakini kwetu una mtego. Mahakama ya Rufani, katika rufaa ya Cyprian Athanas Kibogoyo dhidi ya Jamhuri, ilikumbusha kwamba kutomhoji shahidi juu ya jambo muhimu kwa kawaida huchukuliwa kuwa ni kukubali ukweli wa alichokisema. Nimeona mawakili vijana wakiketi kwa madaha baada ya maswali manne, kisha hukumu ikawakumbusha maswali matano waliyoyaacha. Kwa bahati mkufunzi wetu wa ndani aliingilia kati na kusema kwamba kila hoja muhimu iguswe walau kwa swali moja, hata kama jibu linajulikana litakuwa la kukana. Ilipaswa kuandikwa kwenye kitini, haikuandikwa.

Sehemu ya vielelezo ilipita haraka kuliko ilivyostahili. Tulifundishwa kumwongoza shahidi autambue waraka na kueleza ulivyomfikia, lakini kanuni yetu iliyothibitishwa katika kesi ya Robinson Mwanjisi na wenzake mwaka 2003, kwamba waraka upokelewe kwanza ndipo usomwe mahakamani, ilitajwa dakika za mwisho huku watu wakikusanya mikoba. Majumuisho, yaani hoja za mwisho za wakili, nayo yalipewa saa moja Ijumaa mchana, na nisingependa kuyasemea kitu.

Nimebakiza deposisheni, ambayo ndiyo iliyotangazwa kwa herufi kubwa. Ni utaratibu wa Marekani wa kumhoji shahidi kwa kiapo nje ya mahakama kabla ya usikilizwaji, mawakili wa pande zote wakiwepo na kila neno likinukuliwa. Kwa kanuni za mahakama za shirikisho huko, kila upande una kikomo cha mahojiano kumi bila ruhusa ya ziada, na kila mahojiano siku moja ya saa saba. Pingamizi huwekwa kwenye kumbukumbu, lakini shahidi kwa kawaida hujibu hivyo hivyo. Sisi hatuna utaratibu huo. Tuna maswali ya maandishi chini ya Amri ya XI ya sheria ile ile ya mashauri ya madai, na kamisheni, yaani mtu anayeteuliwa na mahakama kumhoji shahidi, chini ya Amri ya XXVI, ambayo wengi wetu hatujawahi kuitumia. Baadhi ya wenzangu walinung'unika kwamba nusu siku imepotea, hasa intaneti ilipokatika mara mbili na sura ya mkufunzi kuganda akiwa amefumba macho.

Mimi sikuiona imepotea. Alituonyesha namna ya kuuliza kwa upana kwanza, kisha kumfunga shahidi kwa swali la "kuna jambo jingine lolote?" hadi aseme hakuna, ndipo kuhamia mada inayofuata. Wiki iliyofuata nilitumia mbinu hiyo ofisini, si kwa shahidi wa upande wa pili bali kwa mpimaji wetu wenyewe, nilipokuwa nikimwandaa. Kwa swali la tatu la "kuna jingine?" akakumbuka kwamba vipimo vilichukuliwa mara mbili, na kwamba daftari la mara ya kwanza bado analo nyumbani, Ngamiani. Jalada letu halikuwa na daftari hilo. Ningelisikia kwa mara ya kwanza kizimbani, kutoka kwa wakili wa mdai.

Kwa anayefikiria kujiandikisha: ada inastahili, ilimradi mwajiri ndiye anayelipa. Aende na jalada lake halisi lililofutwa majina, kwa sababu siku zilizonifaa ni zile tulizoliweka kando jalada la barafu. Aombe kiti cha mbele, feni za ukumbi zinameza sauti. Na awaandikie waandaaji mapema kuwataka mifano ya Kiswahili; mimi nimeshawapelekea kurasa sita za maswali ya lile shauri la X, na wamenijibu kwamba wanazisoma.